Aliyesamehe ni Mwandishi

Binti alisimama na kitabu mkononi, kidole cha shahada amekibana katikati ya kurasa asije akapoteza mahali. Alikuwa na miaka kama kumi na mitano. Kona za kurasa nyingi zilikuwa zimekunjwa, nyingine juu, nyingine chini. Baadaye nilikuja kujua kwamba za juu alikunja alipopenda na za chini alipokasirika.

Aliombwa atoe maoni yake kuhusu riwaya ambayo kikundi kizima kilikuwa kimeimaliza. Inamhusu baba anayeitelekeza familia yake, anapotea miaka mingi, kisha anarudi uzeeni akiwa mgonjwa, na bintiye anampokea.

"Mwisho wake ni wa uongo," alisema. "Huyu binti hajasamehe. Aliyesamehe ni mwandishi."

Wenzake waligeuka wakamtazama. Kabla hajaufungua ule ukurasa alioubana, mtu mzima aliyekuwa akiongoza mazungumzo aliingilia kati. Kwa upole kabisa alisema kwamba mwandishi alikusudia kutufundisha umuhimu wa kuwasamehe wazazi, na kwamba akishakua ataelewa.

Binti akasema, "Sawa."

Akaketi, na zamu ikaenda kwa mwingine.

Nilikwenda kuisoma

Ile "sawa" haikunitoka kwa wiki kadhaa. Nilikuwa pale kama msikilizaji tu, na sikuwa nimeisoma riwaya yenyewe, kwa hiyo sikujua nani alikuwa na haki. Nikaitafuta nikaisoma, penseli mkononi.

Katika sehemu kubwa ya kitabu, yule binti wa hadithini hatamki neno "baba" hata mara moja. Humwita "yule mtu". Mama yake akimtaja, yeye hutoka nje. Anaporudishiwa picha ya zamani ya familia anaikata, anabaki na nusu yenye mama. Mwandishi ameijenga hasira hiyo kwa subira, tofali juu ya tofali, na ndiyo sehemu nzuri zaidi ya kazi yake.

Kisha, zikiwa zimebaki kurasa mbili, binti anaingia chumbani kwa mgonjwa, anamshika mkono na kusema, "Baba, nimekusamehe."

Nilirudi nyuma kutafuta kilichotokea kati ya hapo na hapo. Sikukuta ndoto, wala mazungumzo, wala barua, wala usiku mmoja wa kukosa usingizi. Sura moja anamwita "yule mtu", inayofuata anamwita "baba".

Yule kijana alikuwa ameona kitu ambacho mhakiki mzoefu angetumia aya tatu kukieleza: mhusika amebadilika bila sababu iliyomo ndani ya hadithi, kwa kuwa mwandishi alitaka kufika mahali fulani na kurasa zilikuwa zinakwisha. Yeye alikieleza kwa sentensi moja. Bahati mbaya aliyemsikiliza alisikia utovu wa adabu kwa wazazi, na akamjibu kuhusu hilo.

Najua mwisho ule unaweza kutetewa. Kuna watu husamehe ghafla, mbele ya kitanda cha mgonjwa, bila wao wenyewe kujua limetoka wapi. Pengine mwenzake mmoja pale pale alikuwa na hoja hiyo tayari mdomoni.

Hatukuisikia.

Kitabu hiki kinatufundisha nini?

Tumelelewa na swali hili, na silidharau. Vitabu hufundisha kweli. Lakini nimeanza kuamini kwamba tukilitanguliza kwa kijana wa miaka kumi na minne, tunakuwa tumemwonyesha mlango wa kutokea kabla hajaingia.

Majibu yake yanajulikana. Tuheshimu wakubwa. Uongo haudumu. Tusikate tamaa. Kijana mwerevu huyapata kwa kusoma jalada la nyuma, na anajua kwamba yatapokewa kwa kutikiswa vichwa. Hakuna hata moja linalomlazimu aseme ni wapi alichoka, ni wapi alirudia ukurasa kwa sababu hakuamini macho yake, au ni mhusika gani alimfanya akifunge kitabu kwa hasira.

Mwandishi na mwalimu Mwingereza Aidan Chambers alilishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Aligundua kwamba hata "kwa nini?", swali linaloonekana halina hatia, huwafunga vijana midomo. Mtu amesema amekipenda kitabu, unamuuliza kwa nini, naye anasikia kama yuko mbele ya mpelelezi. Halafu ni swali kubwa mno: nani anaweza kueleza kwa mkupuo mmoja sababu zote za kupenda kitu? Chambers akapendekeza tuanze na "hebu niambie", kisha mambo manne ya kawaida kabisa: ulichokipenda, usichokipenda, kilichokutatiza, na mambo uliyoona yakijirudia au yakifanana.

Hilo la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mtu mzima akikuuliza ulichoelewa, anakupima. Akikuuliza kilichokutatiza, anakubali kwamba kutatizwa ni sehemu ya kusoma, na kwamba huenda hata yeye kimemtatiza. Nimewahi kuona kikundi kizima kilichokuwa kimelala kikiamka kwa sababu msichana mmoja alisema, kwa sauti ndogo, kwamba hakuelewa ni nani aliyekuwa akizungumza katika sura ya kwanza. Kumbe hakuna aliyeelewa. Walitumia muda wao wote kwenye sura hiyo moja, na sidhani kama walipoteza chochote.

Walipopewa kura

Ufaransa kuna tuzo ya vitabu ambayo waamuzi wake ni wanafunzi wa sekondari. Ilianzishwa mwaka 1988 na ni ndugu mdogo wa tuzo ya Goncourt, ile kubwa inayotolewa na akademia ya watu kumi tangu 1903. Kila mwaka wanafunzi wapatao 2,000 husoma riwaya zilizomo kwenye orodha ya kwanza ya akademia hiyo, riwaya kumi na zaidi kwa muda wa miezi miwili hivi. Ni riwaya za watu wazima, hazijarahisishwa. Hubishana madarasani, hukutana na waandishi, huchagua wajumbe, na wajumbe huketi kuamua.

Mtu angetarajia wachague kilicho chepesi. Tazama walichochagua.

Mwaka 2000 walimpa tuzo Ahmadou Kourouma wa Côte d'Ivoire. Kitabu chake kinasimuliwa na askari mtoto katika vita vya Liberia na Sierra Leone, mvulana anayetukana kila baada ya sentensi chache na kutembea na kamusi nne ili atueleze maneno yake. Hakuna ukurasa wa kumpumzisha msomaji. Akademia ya wakubwa ilikuwa imempa tuzo yake mtu mwingine.

Mwaka 2016 walimchagua Gaël Faye na riwaya yake ya kwanza, inayomfuata mvulana wa Bujumbura anayeona vita vikiingia kwenye kichochoro alichokuwa akichezea.

Mwaka 2020 walimchagua Djaïli Amadou Amal wa Kamerun, aliyeandika kuhusu wanawake watatu wanaoozwa, kupigwa, kuletewa mke mwenza, na kila wanapolia wanaambiwa neno moja: subira. Mmoja wao ana miaka kumi na saba.

Hapa nilisimama kidogo. Subira huvuta heri, ndivyo tunavyosema sote, na ni kweli mara nyingi. Lakini riwaya ile inachukua fundisho ambalo kila mzee angelipitisha na kuonyesha linavyotumika kumnyamazisha mtu. Vijana wa rika la mhusika waliisoma, wakaipa kura. Nilipolifikiria hilo nilimkumbuka yule binti na ule msamaha asioukubali. Vijana hunusa haraka sana mahali ambapo wema umebandikwa juu ya jeraha. Wako katika umri wa kuambiwa kila siku wavumilie, wasamehe, waelewe, na kwa hiyo wanajua sauti ya maneno hayo yanaposemwa kwa ukweli na yanaposemwa ili mazungumzo yaishe.

Ujerumani nako, tangu 2003, tuzo ya taifa ya fasihi ya vijana ina jopo la vijana lenye uamuzi wake, linaloundwa na vikundi vya wasomaji, sambamba na jopo la wataalamu. Majopo yote mawili yanatoa tuzo, kila moja kwa kitabu linachokitaka.

Na kuna kisa cha Fresno, California. Mwaka 1980 wanafunzi wa shule moja, wakiongozwa na mkutubi wao, walimwandikia barua mwongozaji filamu Francis Ford Coppola, wakaweka na sahihi zao, wakimwomba aigeuze filamu riwaya waliyoipenda kuliko zote. Filamu ilitoka 1983. Riwaya yenyewe ilikuwa ya S. E. Hinton, iliyochapishwa 1967 akiwa na miaka kumi na minane; alianza kuiandika akiwa shuleni kwa kuwa hakuona vitabu vilivyosema kweli kuhusu vijana wa rika lake. Nakipenda kisa hiki kwa sababu mnyororo wake wote ni wa vijana: kijana aliyechoshwa na vitabu alivyopewa akaandika chake, na miaka kumi na mitatu baadaye vijana wengine wakakitetea mbele ya mtu mwenye kamera.

Basi kila mtu aseme lake?

Shaka yangu iko hapa, na imenisumbua kuliko sehemu nyingine yoyote ya jambo hili.

Nikisema tuwaache vijana wanene, kuna siku kijana atasema kitu ambacho si kweli kuhusu kitabu. Atasema mhusika aliiba wakati hakuiba. Atasema "kinaboa" na asiongeze neno, kumbe ameishia ukurasa wa kumi. Je, hayo nayo tuyapokee kwa heshima ile ile? Kama kila kauli ni sawa na nyingine, hakuna haja ya kuzungumza. Kila mtu akae na lake.

Aliyenisaidia ni Louise Rosenblatt, msomi Mmarekani aliyeanza kuandika kuhusu wasomaji vijana mwaka 1938. Alishikilia kwamba maana haikai kitabuni peke yake ikisubiri kuchimbuliwa, wala haikai kichwani mwa msomaji peke yake. Hutokea wanapokutana. Kwa hiyo msomaji wa miaka kumi na mitano na msomaji wa miaka hamsini, wakisoma ukurasa mmoja, wanapitia mambo mawili tofauti, na yote mawili ni halisi. Lakini hakuishia hapo, na hili watu wengi hulisahau wanapomtaja. Aliweka masharti mawili: unavyokielewa kitabu kusipingwe na jambo lolote lililoandikwa humo, na usiongeze kitu kisicho na msingi katika maneno yenyewe.

Masharti hayo mawili yanatosha. Na hayamhitaji mtu mzima kuwa hakimu, kwa kuwa kijana anaweza kuyatumia kwa mwenzake.

Niliwashuhudia wavulana wawili wakifanya hivyo bila kuambiwa. Walikuwa wamesoma hadithi inayosimuliwa na mdogo mtu, kuhusu usiku ambao kaka yake alitoroka nyumbani. Wa kwanza alisema msimulizi anadanganya. Wa pili alikasirika: yule ni mtoto, anadanganya kwa faida gani? Wakaanza kurushiana maneno, kila mmoja akirudia lake kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha wa kwanza akasema, "Lete kitabu."

Akafungua karibu na mwanzo. Msimulizi anasema usiku ule alilala tangu jioni mpaka jua lilipotoka. Akapeleka kurasa mbele. Hapa msimulizi yuleyule anasema gari lililomchukua kaka yake lilikuwa na taa moja tu ya mbele inayowaka.

"Aliionaje?"

Wa pili alichukua kitabu akasoma mwenyewe, midomo ikicheza. Alikaa kimya muda mrefu. Aliponyanyua kichwa hakusema kwamba ameshindwa. Alisema, "Basi alikuwa macho. Na hakumzuia." Akaongeza kwamba huo si uongo wa kutafuta faida, ni wa mtu anayeona aibu.

Maana hiyo hakuwa nayo yeyote kati yao walipoketi. Mmoja alikuja na uongo, mwingine akaja na utoto, na aibu ikazaliwa katikati ya ubishi. Mimi nimesoma fasihi maisha yangu yote na taa ile moja ilinipita. Hadi leo nikikumbuka nasisimka.

Ndiyo maana siku hizi "kinaboa" hainiudhi. Nauliza: kinaanza kuboa wapi? Kijana akitaja ukurasa, tumeshaanza kazi.

Machozi ya nusu dakika

Mahali ambapo vijana wengi hutoa maoni ya vitabu sasa hivi ni kwenye simu. Video ya nusu dakika, kitabu kimeshikwa karibu na uso, macho mekundu, na ujumbe mfupi kwamba kimemliza. Wakubwa wengi huziona video hizi wakasikitika. Mimi siwezi, kwa sababu zimefanya mambo ambayo matangazo ya wachapishaji hayakuyaweza. Riwaya ya Madeline Miller iliyotoka 2011 ilirudi kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa zaidi mwaka 2021, kwa kusukumwa na wasomaji wa TikTok, wengi wao wakiwa vijana. Kitabu cha miaka kumi, kuhusu mashujaa wa Ugiriki ya kale! Mtoto mmoja humwambia mwingine "soma hiki", naye anakisoma. Hakuna njia ya zamani kuliko hiyo ya kueneza vitabu.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba huko hakuna nafasi ya kusema, "Lete kitabu." Machozi hayabishiwi. Video elfu zikishasema kitabu kinaliza, msichana aliyekisoma mpaka mwisho macho makavu anaanza kujiuliza yeye ana kasoro gani. Nimeongea na mmoja wa namna hiyo. Alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kutolia: alikuwa ameona tangu katikati kwamba mhusika ameumbwa ili afe, kila tukio linamwelekeza huko, na kwa hiyo kifo chake hakikumshtua. Hakuwahi kumwambia mtu. Shuleni fundisho lilimziba mdomo, na kwenye simu umati ukamziba tena.

Anayekaa kimya

Mwaka 1992 Mfaransa Daniel Pennac, aliyekuwa mwalimu wa vijana wasiopenda kusoma, alitoa orodha ya haki kumi za msomaji. Ya kwanza ni haki ya kutosoma. Ya tatu ni haki ya kutomaliza kitabu. Hizi hutajwa mara nyingi. Ya kumi hutajwa kwa nadra: haki ya kunyamaza, kutolazimika kusema kitabu kimekufanya nini.

Nilipoikumbuka, nusu ya niliyokuwa nikiyafikiri ilitikisika. Nilikuwa nikienda moja kwa moja kwenye wazo kwamba kila kijana lazima aongee. Lakini kuna vitabu vinavyomkuta mtu mahali ambapo bado panauma. Msichana ambaye baba yake naye aliondoka atasemaje kuhusu riwaya ile mbele ya watu ishirini? Kumtaka atoe maoni ni kumtaka asimulie ya nyumbani kwao. Na huenda, sijui, ndivyo ilivyokuwa kwa yule aliyekunja kona.

Kwa hiyo nadhani mkono usionyoshwa uheshimiwe, na zamu iweze kupitishwa bila maelezo. Ila kunyamaza kwa hiari na kunyamazishwa ni vitu viwili, hata kama kwa nje vinafanana.

Na sisi wakubwa je?

Sikubaliani na wanaosema mtu mzima asitoe maoni kabisa mbele ya vijana. Huko ni kuwaachia uwanja mtupu. Sisi tumeishi muda mrefu zaidi, tumesoma vingi zaidi, na kuna mambo ambayo mtu hayaoni mpaka amezika au amezaa. Tatizo liko kwenye zamu. Mkubwa akisema wa kwanza, waliobaki wote hutoa maoni juu ya maoni yake. Akisema wa mwisho, inakuwa hukumu. Mimi husema katikati, nikitaja ukurasa wangu kama wao, na mhusika nisiyempenda namtaja pia.

Juzi nilimsifu mama mmoja katika riwaya tunayosoma sasa. Anaificha barua ya mwanawe miaka mitano, na mimi naona alimkinga. Kijana mmoja alisema yule mama ni mwoga tu, barua ilikuwa inamtaja yeye kwa ubaya, na alichokikinga ni jina lake. Nikamwambia arudie sura ya nane, mama anapoamka usiku kwenda kuitazama ile barua. Akaniambia nirudie ya tatu, barua inapofika, nihesabu ni mara ngapi mama anauliza nani mwingine ameiona. Nimeirudia. Anauliza mara nne, na mara zote nne hamtaji mwanawe.